Malalamiko: mmeniuzia grili ya mfuniko, mfuniko haufuniki

Kwa Meneja Mauzo, na dada wa huduma kwa wateja pia maana najua we ndo utaifungua kwanza,

YAH: GRILI YA MKAA YA DUARA SAIZI 67 NILIYOLIPIA SH. 680,000, NA KILE MLICHONITUMIA KIGOMA

Habari za kazi. Simu zangu mnapokea mnasema "mama tunalifanyia kazi", wasapu naona tiki za bluu afu kimya, kwa hiyo naandika kila kitu hapa sehemu moja ili asije mtu mwingine akaniambia tena nianze upya kumuelezea. Risiti, skrinishoti ya tangazo lenu na picha nimeambatanisha.

Tatizo kubwa ni moja, mfuniko haukai. Mengine yapo na nitayasema lakini hata mkiyarekebisha yote mfuniko mkauacha hivyo hivyo bado sina grili, nina karai lenye miguu.

Naomba mnielewe kwa nini nalishikilia hili, maana kaka wenu mmoja alinijibu "mama si uchome tu bila kufunika, nyama itaiva" nikajua hata anachokiuza hakijui. Kuchoma bila kufunika mbona tunachoma siku zote! Fundi wa kuchomelea hapa Mwanga anakukatia nusu pipa anakupigia nondo juu unaondoka na jiko lako, na bei yake haifiki hata robo ya hela yenu. Mimi nyie nimewalipa mfuniko. Grili ya aina hii kazi yake yote iko kwenye mfuniko na zile tundu za hewa, ya chini na ya juu. Hewa inaingia chini inapita kwenye mkaa inapanda na joto inagonga mfuniko inazunguka inatokea juu, chakula kinapata joto pande zote kama kiko kwenye oveni, na moto unauendesha wewe kwa kuachia au kubana ile tundu ya chini, ya juu unaiacha wazi moshi utoke usije ukachachia kwenye nyama. Ukitaka kuivisha taratibu unausogeza mkaa pembeni huku na huku, katikati unaweka trei ya kukinga mafuta, kuku anakaa juu ya trei siyo juu ya moto, unafunika unaenda zako kusonga ugali. Kuku wa kienyeji ndo anataka hivyo, ukimbabikia moto wa moja kwa moja nje anakuwa mkaa ndani bado anakuangalia. Sasa mfuniko ukiwa na upenyo hewa inaingia inavyojisikia, ubane tundu usibane moto haukusikilizi.

Na wangu una upenyo unaopitisha kidole, cha mtu mzima siyo cha mtoto. Upande wa mpini umekaa fresh, upande wa pili umebenuka. Nikiuzungusha upenyo unahama nao, kwa hiyo bakuli la chini liko sawa, ni mfuniko ndo umepinda, na boksi lilifika halina hata sehemu iliyobonyea kwa hiyo msiniambie uligongwa njiani kwenye basi. Nilivyowaambia mkasema "utakaa wenyewe ukishapata moto". Umepata moto. Haujakaa. Mwingine akanishauri niweke tofali juu, jamani, tofali juu ya kitu cha laki sita na themanini, wageni wakija niwaambie nini?

Mnataka kujua kinachotokea? Nilimpaka kuhe, samaki wetu wa ziwani, mawese na chumvi na ndimu, mkaa nimeusogeza pembeni kama kikaratasi chenu kinavyoonyesha, nikafunika. Mawese yakadondokea upande wenye moto, hilo ni kawaida, kwenye grili inayofunga vizuri ule moto haupati hewa ya kutosha kuruka. Hapa ukapata, upepo wa ziwani unaingia pale kwenye upenyo kama umeitwa, moto ukaruka ukamlamba samaki upande mmoja akawa mweusi tii na upande wa pili hajaiva. Nikageuza mfuniko upenyo uangalie ukutani, upepo nao ukageuka. Huku kiangazi upepo ukianza mchana siyo wa kubembelezana nao, na ndo sababu nyingine ya kutaka grili ya kufunika badala ya nusu pipa.

Halafu mkaa. Hapa naumia zaidi maana huu hasara yake ni ya kila siku siyo ya samaki mmoja. Ukimaliza kuchoma unafunga tundu ya chini na ya juu, moto unakosa hewa unazima, kesho unakung'uta majivu ule mkaa uliobaki unauwasha tena na mwingine kidogo juu yake. Tangazo lenu lenyewe lilisema hivyo, "okoa mkaa". Yangu nafunga tundu zote nalala, asubuhi nakuta majivu matupu. Mkaa wa huku ni wa miti ya miombo, mzito, unakaa na moto, na gunia saivi siyo bei ya zamani, na serikali yenyewe kwenye ule mkakati wa nishati safi ya kupikia inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, kwa hiyo mtu ukiamua bado kuchomea mkaa angalau uchome kwa adabu. Ndani napikia gesi, hii niliitaka kwa ajili ya kuchoma tu, na nikachagua ya kufunika makusudi. Na kabla sijalipa niliwauliza kwa maandishi "mfuniko unabana?" mkajibu "unabana kabisa mama", na kidole gumba juu. Skrinishoti ya tatu hiyo.

Saizi. Nililipia 67 na kwenye boksi pameandikwa 67. Nilichukua futi ya fundi cherehani, nikapima mdomo wa bakuli kutoka ukingo mpaka ukingo, sentimita 57. Nikampa jirani naye apime asije mtu akasema mama huyu ana ugomvi, 57. Mtasema sentimita kumi ni kitu gani. Kwenye duara sentimita kumi ni nyingi, pigeni hesabu ya eneo mtaona nimepungukiwa zaidi ya robo ya sehemu ya kuchomea. Na kwa staili ya kusogeza mkaa pembeni ndo kabisa, kinachobaki katikati ni pa kuku mmoja na wasiwasi. 57 siyo mbaya, kwa mtu na mkewe na watoto wawili inatosha sana na inakula mkaa kidogo, ningekuwa wa hivyo ningeinunua hiyo na ningelipa bei ya hiyo. Sisi kwetu ni familia ya kuja bila taarifa, wakwe wako Ujiji, Jumapili ukihesabu sahani unachoka, na nilitaka kuhe mkubwa nimlaze mzima bila kumkata mkia. Ndo maana niliongeza hela nichukue kubwa.

Rangi pia. Mliandika "enameli". Enameli tunaijua, ni ile ya masahani ya bati ya bibi yenye mdomo wa bluu, ni kioo kinachoyeyushwa juu ya chuma kwenye joto la kama nyuzi 800, ndo maana moto wa mkaa hauifanyi kitu, inaweza kubanduka ukiigonga lakini haichemki. Yenu moto wa kwanza tu ilitoa mapovu, ikanuka rangi ya geti nyumba nzima, na saivi unaikwangua kwa kucha. Hiyo ni rangi ya kupuliza. Pale ilipobanduka kutu imeshaanza na mvua bado, huku zikianza mwezi wa kumi ni mpaka wa nne huko wa tano, itabaki nini? Halafu watu wanakula chakula kilichofunikwa na hiyo rangi, mimi sijapenda.

Themomita ya kwenye mfuniko sina mengi. Niliichomoa nikaichovya kwenye sufuria la maji yanayochemka ikasoma 140. Kigoma tuko kama mita 770 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, hata huko kwenu Dar hayapiti 100. Kwa hiyo inadanganya kwa zaidi ya nyuzi 40. Trei ya majivu na magurudumu viko poa, navisema ili msinione natafuta makosa tu.

Kitu kimoja kimenichekesha kidogo, kwenye tangazo mmeandika "ubunifu wa Kimarekani tangu 1952". Hiyo 1952 ni kweli, ni George Stephen wa kule Chicago, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers, akachukua boya la chuma akalikata, chini likawa bakuli juu likawa mfuniko, akaweka miguu na tundu za hewa, kwa sababu upepo na majivu vilikuwa vinamharibia nyama yake. Yenu siyo ya kiwanda hicho na wala sikudai iwe, bei zake nazijua. Ila kama mnajitangaza kwa hadithi ya boya basi muielewe, sisi watu wa ziwani boya tunalijua, vipande vyake viwili visipokutana linazama.

Sasa tuje kwenye majibu yenu, maana hapa ndo nilipokasirika kweli. Mmeniambia nifungashe nirudishe Dar kwa gharama zangu, mkaguzi wenu aangalie, akiona kweli ni kosa la kiwandani mtanipa vocha ya kununua kitu kingine dukani kwenu. Kwa hiyo nilipe basi kutoka Kigoma mpaka Dar, nchi nzima hiyo kuikata kutoka magharibi mpaka mashariki, nilipe mtu wa kuipeleka stendi, afu nisubiri mtu aniambie kama macho yangu yanaona vizuri. Mteja wenu wa Sinza au Mbagala analeta kwa bajaji anabishana na nyie uso kwa uso anaondoka na chake. Sisi wa mikoani hela yetu mnaipokea kwa simu dakika hiyo hiyo ila likija tatizo tunakuwa mbali ghafla. Picha nimetuma, video ya kidole kikipita kwenye upenyo nimetuma, ya futi nimetuma. Mkaguzi anataka kuona nini kingine?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukiuza kitu kwa maelezo basi kitu hicho lazima kilingane na maelezo yake. Maelezo yalikuwa saizi 67, enameli, mfuniko unaobana. Nimepata saizi 57, rangi ya kupuliza, mfuniko uliopinda. Sihitaji wakili kulisoma hilo.

Ninachotaka ni hiki. Mniletee grili ya saizi 67 kweli, mfuniko mmeujaribu wenyewe kabla ya kufunga boksi, uwekeni juu ya bakuli zungusheni mzima mzima, karatasi ikipita msinitumie. Usafiri wa kuja na wa kuichukua hii ni wenu. Kama hamna hiyo saizi, na nahisi hamna, basi mnirudishie hela yangu yote 680,000 pamoja na nauli ya mzigo niliyolipa stendi, kwenye namba ile ile niliyolipia. Vocha sitaki, sina kingine ninachokihitaji dukani kwenu. Na msinitumie mfuniko peke yake mkadhani mmemaliza, mfuniko mzuri juu ya bakuli la 57 bado ni 57.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapoipokea. Zikipita kimya naipeleka hii hii ilivyo na viambatanisho vyake FCC, Tume ya Ushindani, ndo wenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na tangazo lenu nalipeleka pia kwa sababu nimeangalia leo bado liko hewani na 67 yake na enameli yake, watu wanaendelea kuulizia bei.

Grili iko kwangu, nimeifunika turubai, sijairekebisha wala fundi hajaigusa ili msije mkasema niliipinda mwenyewe. Mkituma mtu wa kuichukua anipigie kabla, siyo afike stendi ndo aulize Mwanga iko wapi. Akija na nyingine ntaipima mbele yake na futi ile ile kabla sijasaini kitu.

Mteja wenu,
Mama Mapacha
Mwanga, Kigoma