Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania): tunaomba miliwati 100 za AM

Mkurugenzi Mkuu, shikamoo. Najua mezani kwako kumejaa mambo ya laini za simu, bando na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo hili langu linaweza kuonekana la kitoto, ila naomba ulisome mpaka mwisho maana halihitaji bajeti wala semina, ni kanuni fupi tu ya kuruhusu vimtambo vidogo vya kurushia AM bila leseni.

Mi ni fundi redio hapa Singida. Vijana wanakuja kibandani kujifunza, wengi wamemaliza form four, na kwenye upande wa kupokea hatuna shida, unampa kijana daiodi ya jemaniamu, koili aliyoitoa kwenye redio mbovu na kile kispika cha sikioni, anatengeneza redio ya AM isiyotumia betri hata moja. Shida inaanzia hapo hapo, amemaliza kuunga, ana furaha, anaweka sikioni, kimya. Stesheni karibu zote zimehamia FM na redio ya daiodi bila mtambo wa AM wenye nguvu jirani haina cha kukusikilizisha. Sasa dawa yake ni kuwa na kimtambo kidogo cha kurushia pale pale mezani, na hicho ndicho siwezi kumwambia kijana akitengeneze, maana tangu EPOCA, ile sheria ya mawasiliano ya 2010, kila fundi anajua kurusha bila leseni ni kesi, na leseni ya utangazaji ni ya watu wenye kampuni na studio, sio ya kijana mwenye transista moja.

Ninachoomba ni mpaka wa nguvu ya kurushia ulioandikwa wazi, kwamba chini ya hapa mtu hahitaji leseni, juu ya hapa anahitaji.

Wenzetu walishaandika zamani. Marekani wana kanuni zao wanaita Sehemu ya 15, humo mtu anaruhusiwa kurusha AM kati ya kilohezi 510 na 1705 bila leseni mradi umeme unaoingia hatua ya mwisho ya mtambo usizidi miliwati 100 na antena, pamoja na waya wake na waya wa eathi, vyote kwa jumla visizidi mita 3. Akimwingilia mwenye leseni anazima, yeye akiingiliwa anavumilia. Na aliyejitengenezea nyumbani vifaa visivyozidi vitano, sio vya kuuza, wala hapeleki maabara kupimwa. Uingereza hawajaenda mbali hivyo, wao leseni lazima, ila wametoa leseni ndogo za AM za wati 1 kwa redio za hospitali na za vyuo.

Mi naipenda ile ya Marekani kwa sababu moja ya kifundi. Wangeweza kuandika nguvu ya mawimbi hewani, ambayo inataka kifaa cha bei mbaya kuipima, wao wamepima kinachoingia. Yaani kijana mwenye mita ya kawaida tu ya kupimia anaweza kujikagua: betri volti 9, mkondo kwenye transista ya mwisho miliampia 11, zidisha, miliwati 99, uko ndani. Afisa wako akija anapima vile vile, hakuna kubishana. Na usidhani mita 3 ni ukarimu. Pale kilohezi 1584 wimbi moja lina urefu wa kama mita 189, robo yake, ambayo ndiyo urefu wa antena nzuri, mita 47, kwa hiyo antena ya mita 3 ni kisiki, sehemu kubwa ya zile miliwati inaishia kuwa joto kwenye koili na kwenye udongo. Ile habari ya kuhesabu waya wa eathi nayo imewekwa kwa akili sana, maana mjanja akipandisha mtambo juu ya paa halafu akashusha waya wa eathi mita 10, waya wenyewe unageuka antena. Tusiuache huo mlango wazi.

Najua swali la kwanza ofisini litakuwa ndege. Ni swali zuri, na ndio maana siombi FM. FM inaishia megahezi 108 na hapo hapo juu yake ndio inaanza mitambo ya kuongozea ndege kutua, kisha kuanzia 118 maongezi ya marubani, kimtambo kibovu cha FM kinaweza kumwagikia huko na sitaki kabisa vijana wangu wacheze jirani na hapo. AM ya mawimbi ya kati iko mbali mno na hayo. Zile bikoni za ndege za masafa ya chini, mitambo ya kumwonyesha rubani uelekeo, nazo ziko chini ya bendi ya AM, basi sisi tupeni juu. Kwenye mpango wa Geneva wa 1975 ambao ndio unatugawia chaneli za AM kila baada ya kilohezi tisa, kuna chaneli tatu zilizotengwa kwa mitambo ya nguvu ndogo, 1485, 1584 na 1602. Nguvu ndogo kwao ni mpaka kilowati 1, sisi tunaongelea sehemu moja ya elfu kumi ya hiyo. Chagueni moja tutakaa hapo hapo.

Kinachonisumbua mimi kuliko ndege ni uchafu wa mtambo wenyewe. Ukirusha 1584 bila chujio, mtambo unatoa pia mawimbi ya mara tatu yake, 4752, hiyo inaangukia kwenye bendi ya mita 60 ya mawimbi mafupi ambako si kwetu. Kwa hiyo wekeni kwenye kanuni kwamba chujio ni lazima, koili mbili na kapasita tatu, havimshindi mtu, na masafa yashikwe na krisitali, kile kipande kinachoyashikilia yasihame, sio ile ya kuzungusha kwa bisibisi leo uko hapa kesho uko kule.

Mtu ataniambia nenda kachukue leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha. Sawa, naiheshimu, ila masafa yao hayamo kwenye bendi ya AM ya kawaida, na wao hawaruhusiwi kurusha miziki wala matangazo. Redio ya daiodi ya kijana haifiki huko.

Halafu kuna hofu ya maudhui, kwamba mtu atashika maiki aseme ya kusema. Kweli inawezekana, lakini kwa miliwati 100 mchana unahesabu mamia ya mita, na usiku ndio kabisa, stesheni za mbali zinaingia na kukufunika. Spika la yule muuza sumu ya panya sokoni lina wasikilizaji wengi zaidi. Kama bado mna wasiwasi, anzeni na shule na VETA peke yake, mwalimu aandikishe mtambo kwa jina la chuo, mi sitalalamika.

Ofisi yenu ya kanda iko Dodoma, sio mbali, mtumeni mtu na mita yake tupime pamoja kabla hamjaandika chochote. Na kama 100 mnaona ni nyingi, anzeni na 50. Kwa betri ya volti 9 hiyo ni miliampia tano na nusu, mtambo bado utawaka.

Wako,
Fundi redio, Singida mjini