Rasta za barabarani zimetusahau sisi wa baiskeli

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kuomba nafasi. Leo naiomba kwa sababu ya toleo lenu la Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani. Ukurasa mmoja mliweka picha za watu waliovaa fulana mpya wakizunguka mjini kwa baiskeli, gari la polisi likiwatangulia. Ukurasa uliofuata mkazisifu rasta mpya za barabara kuu, yale matuta madogo yaliyopangwa kwa mafungu kukatiza lami, kwamba zitapunguza ajali. Katika habari yote ile hakuna mtu hata mmoja wa baiskeli aliyeulizwa anazipitaje.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kila mwaka mvua zikikatika na mavuno yakishaingia ndani, natoka Singida kwenda Dodoma kwa baiskeli, peke yangu, kumwona dada yangu. Siku ya kwanza nalala Manyoni. Siku ya pili ndiyo inayomaliza miguu: ni zaidi ya kilomita 120, na ukishateremka Saranda kuingia Bonde la Ufa, upepo wa kusi unakupiga usoni hadi jioni. Hakuna pa kujificha. Ni mibuyu, vichaka vya miiba na jua, na mahali pa tambarare unakanyaga pedali kama unapanda mlima. Hayo sijawahi kuyalalamikia. Upepo ni wa Mungu.

Rasta ni za watu. Safari hii niliondoka Manyoni saa 11 alfajiri ili niliwahi jua. Nikikaribia kijiji kimoja huko bondeni nikazikuta zimetandazwa kutoka ukingo wa lami hadi ukingo wa pili, bega la barabara lote, haikuachwa hata nafasi ya kupitisha tairi moja. Nje ya lami pana shimo la shubiri nzima, kisha mchanga. Nyuma yangu semitrela, moja ya hizi zinazotoka Rwanda na Kongo kuelekea bandarini, linapiga honi bila kuachia. Ningekwenda wapi? Nikapita juu. Fungu la kwanza mikono ikafa ganzi. Fungu la pili kamba ya mzigo ikakatika, mfuko ukawa unaburuzwa. Fungu la tatu nikasikia spoku za nyuma zinakatika, moja, halafu nyingine, gurudumu likaanza kusugua fremu, nikachepukia mchangani na kuanguka kifudifudi. Lori lilipita bila hata kupunguza mwendo. Aliyeninyanyua ni kijana aliyekuwa akitokea upande wa Bahi na magunia mawili ya mpunga kwenye keria. Akanifuta vumbi usoni, akaniambia, "Mzee, hapa sisi huwa tunashuka, tunasukuma." Yaani kijana huyu, kila kijiji, anashuka na magunia yake, anayasukuma mchangani, anayapandisha tena kwenye lami. Na akina mama wenye madumu ya maji vilevile. Hao ndio watumiaji wakubwa wa baiskeli nchini, na kwenye picha zenu hawakuwemo.

Na hizi spoku nazo. Fundi aliyenisaidia, chini ya mti pembeni ya gulio, alinionesha boksi la spoku mpya akazikunja kwa vidole viwili. Akaona afadhali anitolee nne kwenye gurudumu bovu la zamani. Tyubu ndiyo hivyo hivyo, zinaachia kwenye valvu kabla hazijapata hata mwiba mmoja. Kipuri cha gari kikiwa feki mnaandika ukurasa mzima. Cha baiskeli anakikagua nani?

Niliingia Dodoma saa 3 usiku. Dada alinipikia ugali wa mtama na mlenda, sikuweza kushika tonge kwa mkono wa kulia.

Sisemi rasta ziondolewe, kwa sababu malori lazima yapunguze mwendo yanapoingia vijijini, na watoto wanavuka pale kwenda shule. Nasema kila upande ziachiwe sentimita 80 za lami tupu kutoka ukingoni. Nimepima usukani wa baiskeli yangu, una sentimita 60, na keria yenye magunia mawili huchukua zaidi kidogo. Gari haliwezi kupita hapo, baiskeli inapita. Zile zilizokwishawekwa zikwanguliwe kwa kipimo hicho hicho, na mchanga wa pembeni ufagiliwe mara moja kwa mwezi na vijana wa kijiji husika, walipwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwendesha baiskeli. Sijui kwa nini mwenye kuchora barabara asimtambue.

Mwezi Agosti nitarudi Singida kwa njia ileile. Nitabeba futikamba na chokaa. Mwandishi wenu aliyeandika habari ile anikute Dodoma, njia panda ya kwenda Bahi, saa 12 asubuhi, na baiskeli yake.

Mwalimu Mstaafu,
Singida