Barua kwa mwanangu: nusu ya betri

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Umepata hedifoni kubwa za omu 250, umezichomeka kwenye simu, umepandisha sauti mpaka mwisho, na muziki bado unasikika kama unatoka nyumba ya pili. Hedifoni hazina ubaya wowote, baba. Simu ndiyo haina pumzi. Hedifoni zenye omu nyingi, yaani zinazoukinza umeme sana, hudai volti, na simu nyingi huishia kwenye volti moja au chini ya hapo.

Umeniuliza ununue amplifaya, yaani kikuza sauti, au uitengeneze. Itengeneze. Ukitaka tu kusikiliza muziki leo jioni, kununua ni haraka zaidi, sikudanganyi. Lakini wewe tangu mdogo ulikuwa unafungua redio zangu na kubakiza skrubu mbili, na nadhani sasa umri umefika wa kujua zile skrubu zilikuwa za nini.

Saketi ninayokuchorea katika karatasi ya pili si ya kwangu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Chu Moy aliutoa mchoro wake bure kwa yeyote atakaye, na watu wakaibatiza jina lake: CMoy. Wengi waliijenga ndani ya kopo la bati la peremende za Altoids, kwa kuwa betri ya volti 9 na kibao kidogo cha saketi hulala humo vizuri na kopo likaingia mfukoni. Vipande vyake vinahesabika kwa vidole vya watu wawili. Hakuna hata kimoja ambacho huwezi kukielewa.

Ila kuna jambo moja ambalo usipolielewa, utalehemu kila kitu kwa unadhifu na kitu hakitalia. Kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Muziki ukiwa ndani ya waya ni umeme unaopanda juu ya sifuri na kushuka chini ya sifuri, maelfu ya mara kwa sekunde. Betri yako ina ncha mbili tu, chanya na hasi. Ukiiita hasi sifuri, muziki utapata pa kupandia na utakosa pa kushukia. Dawa yake ni kuigawa betri katikati. Chukua rezista mbili, vile vipande vya kuukinza umeme, za omu 4,700, ziunganishe moja nyuma ya nyingine kutoka chanya hadi hasi. Pale zinapokutana utapata volti 4.5, na hapo ndipo tunapopaita sifuri. Sasa juu yako una volti 4.5 na chini yako una 4.5. Mafundi hupaita ethi, ingawa hakuna waya wowote uendao ardhini.

Rezista hizo peke yake ni dhaifu. Ngoma ikipiga kwa nguvu, sifuri yenyewe itayumba. Ndiyo maana kila moja inawekewa kapasita ya mikrofaradi 220 ubavuni. Zichukulie kama mitungi miwili iliyojaa maji: bomba linatiririka polepole, lakini mgeni akija na kiu kubwa anachota mtungini. Kapasita hizi zina upande. Mstari uliochorwa kwenye ganda ni hasi. Ukiigeuza inaweza kuvimba na hata kupasuka, na harufu yake haitoki nyumbani upesi.

Basi kila ukiona alama ya ethi kwenye mchoro wangu, ni hapo katikati. Siyo hasi ya betri! Nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na bado nina hakika utaikosea mara moja.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Sauti inaingia, inapita kwenye kitasa cha kupunguzia na kuongezea cha omu 10,000 chenye safu mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Kisha inapita kwenye kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1, ambayo huzuia umeme mtulivu na kuruhusu ule unaochezacheza. Hiyo pamoja na rezista ya omu 100,000 iendayo ethi huanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 16 hivi, ambazo sikio lako halizisikii kwa vyovyote. Halafu inafika kwenye chipu, ambayo ndiyo inayoikuza.

Ukuzaji unaamuliwa na rezista mbili. Gawa kubwa kwa ndogo, ongeza moja. Mchoro wa asili una 10,000 kwa 1,000, yaani mara 11. Mimi nimekubadilishia ile ndogo iwe 2,200, upate mara 5.5 tu. Fikiri: kilele cha muziki kikija na nusu volti na ukakizidisha mara 11, unaiomba chipu volti 5.5 wakati nusu ya betri ni 4.5, na chipu yenyewe haifiki hata hapo. Mawimbi yatakatwa vichwa, nawe utasikia mkwaruzo na kuilaumu hedifoni.

Kuhusu chipu, nunua OPA2134 na usikubali mbadala wowote kwa kuwa tu pini zinafanana. Hili nalisema kwa uchungu. Ya kwanza niliyotengeneza niliiwekea NE5532, chipu nzuri kabisa ya sauti, yenye pini 8 zilizopangwa vilevile. Kila nilipochomeka hedifoni ilipiga “dup”, na mita ya kupimia umeme ilinionyesha karibu milivolti 200 za umeme uliosimama kwenye njia ya kutokea, bila muziki wowote. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa chipu. Wiki nzima! Kumbe milango ya kuingizia sauti ya NE5532 huvuta umeme kidogo, kiasi cha nanoampea 200. Pitisha hizo kwenye omu 100,000, unapata milivolti 20. Zidisha kwa 11 za wakati ule, umefika kwenye 220. OPA2134 milango yake haivuti karibu chochote. Sikuwa nimekosea kulehemu hata sehemu moja, na nilikuwa nimeivunja mara tatu.

Kulehemu nako usiogope. Chuma kiwe kwenye nyuzi 350 hivi. Utaniuliza mbona lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye 183. Ni kwa sababu mguu wa kipande na shaba ya kibao hunywa joto, na chuma cha uvuguvugu kitakulazimisha kukaa muda mrefu mpaka uunguze kipande. Gusisha chuma kwenye mguu na shaba kwa pamoja, hesabu mbili, kisha leta lehemu kwenye mguu, siyo kwenye ncha ya chuma. Ikikaa kama kilima kidogo kilichoshikana na shaba pande zote, umefaulu. Ikijikunja kama tone la maji juu ya mafuta, rudia. Moshi ule ni wa utomvu wa msonobari uliomo ndani ya lehemu. Risasi haipandi nao, lakini bado usiuvute. Risasi inabaki vidoleni, kwa hiyo nawa kabla hujagusa chakula. Na chipu usiilehemu: lehemu soketi yake, chipu utaipachika mwishoni.

Mwishoni kweli. Hapa ndipo subira yako itapimwa. Soketi ikiwa tupu, weka betri, chukua mita. Kati ya pini ya 8 na ya 4 usome volti 9 au karibu na hapo, chanya ikiwa kwenye 8. Kati ya ethi na pini ya 8, nusu yake. Kati ya ethi na pini ya 4, nusu yake pia, upande wa hasi. Nusu moja ikiizidi nyingine sana, kuna rezista uliyoisoma vibaya: 4,700 ni manjano, zambarau, nyekundu. Usipachike chipu mpaka nusu zilingane. Kisha ondoa betri, pachika chipu, kile kikato chake kikielekea upande ule nilioutia nukta, rudisha betri, upime kwenye tundu la hedifoni kabla hujachomeka chochote. Ukisoma milivolti chache tu, kila upande, tulia. Ukisoma mamia, ondoa betri haraka.

Kopo la bati linapendeza lakini ni adui. Litandike karatasi ngumu au utepe wa plastiki ndani yote. Tundu za kuingilia na kutokea zikiwa za chuma, kopo zima litageuka kuwa ethi, yaani ile katikati yetu. Ncha ya betri ikigusa kifuniko umepiga shoti nusu ya betri. Kwa sababu hiyohiyo, tumia betri hii na usijaribu kuiwasha amplifaya kwa chaja inayolisha pia kifaa cha muziki. Hasi ya chaja na katikati yako zitakutana kupitia waya wa sauti, na ugawaji wote utakuwa umekwisha.

Betri ya alkali itakupa saa 40 hivi, kutegemea unavyopandisha. Vikuza sauti viwili vilivyo ndani ya chipu hiyo moja hula miliampea 8 hata muziki ukiwa kimya, kwa hiyo swichi usiisahau.

Siku ya kwanza usizichomeke zile kubwa. Tafuta hedifoni mbovumbovu, kitasa kikiwa kwenye sifuri, uzivae baada ya kuchomeka na si kabla. Waya za kitasa zikiwa zimebadilishana mahali, sifuri yako itakuwa ndiyo juu kabisa, na masikio hayana vipuri. Hata mambo yakiwa sawa, sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku imekwisha kuwa nyingi, na kikopo hiki kitaivuka bila hata kutoa jasho.

Nimekufungia chipu mbili kwenye sponji nyeusi. Ya pili ni ya kukuondolea woga tu, usiitafutie kazi. Ukishapima, kabla hujaniambia muziki unasikikaje, niandikie namba nne: nusu ya juu, nusu ya chini, na milivolti za kushoto na za kulia.

Mama yako