Vitabu vya Baba si vya Kufungia Nyama

Dada mpendwa,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi, nikaguna hadi jirani yangu akasogea. Ati Kaka anataka nimwongezee mtaji wa duka, na kabati la Baba amelitoa sebuleni kupata nafasi. Kabati sina neno nalo. Vitabu vilivyokuwemo viko wapi?

Na asiniambie ni makaratasi ya zamani. Mwaka huu nimesoma kushinda miaka yangu yote ya shule. Nikitoka zamu ya usiku (kazi iko sawa, mwambieni Mama asiwaze) napitia maktaba kuu ya Birmingham, ile aliyoifungua Malala, yule binti wa Pakistani mtetezi wa elimu, 2013, ghorofa juu ya ghorofa. Natembea humo kama kwangu.

Mnijeria mmoja wa kazini ndiye aliyenichokoza, akanipa Second-Class Citizen cha Buchi Emecheta. Mama yule alifika London 1962, akalea watoto watano, akawa anaandika alfajiri kabla hawajaamka. Mumewe akauchoma mswada wake. Akaketi, akaiandika riwaya ile upya, ikatoka 1976 kwa jina The Bride Price. Niliposoma pale pa kuchoma nilikifunga kitabu, nikavaa koti nikatoka nje. Kumbe na sisi tuna wetu, ila wetu hachomi, anauza.

Kisha yule bibi wa Kizanzibari tunayeswali naye Ijumaa akaniazima Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Dada, yule Yasmin! Mtoto wa Kihindi anaozwa mzee Raza, halafu mambo yanayofuata... sikusimulii, utasoma mwenyewe. Siku yangu ya mapumziko iliisha sijaweka sufuria jikoni. Nikamwomba kingine, akanipa Kuli: mgomo wa makuli wa Unguja, 1948. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Baba alikifunika Kuli chake kwa karatasi ya kaki kama msahafu. Si Babu alikuwa bandarini Mombasa kwenye mgomo wa 1947? Tulikuwa tukimkimbia Baba akianza hadithi zile, twende zetu tukacheze.

Wasomi wa hapa ukiwaambia Zanzibar wanakujibu Abdulrazak Gurnah, kwa sababu ya Nobel yake ya fasihi ya 2021. Nimemsoma. Riwaya yake Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilinirudisha barazani Majengo baada ya Magharibi, mbaazi na mahamri, na Mama akimgombeza mtu asiyeonekana. Nililia, basi tu. Lakini ukinishika nichague, namchagua Shafi. Gurnah anakupoza taratibu. Shafi anakukamata shati.

Sasa nasikia vitabu vimeonekana kwa wale wa inama, wauza vitabu vikuukuu wanaovitandaza chini, mtaa wa Tom Mboya. Vile vya mpelelezi Bwana Msa vyote! Mzimu wa Watu wa Kale, toleo ambalo Baba alitoka nalo Mombasa! Kaka alipata kiasi gani, pesa ya unga? Mimi huku naazima kwa watu kitabu kilichokuwa chetu, naandikiwa tarehe ya kurudisha.

Mtaji nitatuma, sikatai, yeye ni ndugu yetu. Lakini utaingia kwenye simu yako, si yake, na hautoki mpaka aende na wewe mwenyewe akuonyeshe aliyemuuzia. Mjomba akiingilia mwambie ameshasema mengi kwenye habari ya shamba.

Viatu vya mtoto na dawa ya magoti ya Mama vinakuja na msafiri wa wiki ijayo. Kwenye pesa hizo toa kwanza ya vitabu. Fungua ukurasa wa ndani uangalie jina la Baba kwa wino wa kijani. Ukikiona Kasri ya Mwinyi Fuad cha Shafi usipatane bei, maana wakijua unakitaka watapandisha, lipa uondoke.

Nduguyo