Risala ya Wazazi na Walimu wa Shule za Umma za Pembezoni mwa Ilala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Maafisa Elimu Kata na Wenyeviti wa Serikali za Mitaa,
Viongozi wetu wa dini,
Walimu, wazazi na wanafunzi,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mkutano huu wa wadau wa elimu, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kutusikiliza huku pembezoni, ambako wageni wengi hupita wakielekea Kisarawe bila kushuka. Sisi tunaosimama mbele yako ni wazazi, walimu, na wajumbe wa kamati na bodi za shule za umma za upande huu wa Jiji la Dar es Salaam, yaani Pugu, Majohe, Kivule, Chanika, Zingiziwa, Msongola na mitaa inayopakana nazo. Yapo mengi ambayo tungependa kukueleza, lakini tumekubaliana kwamba risala hii ibebe ombi moja kubwa: eneo la shule litengwe, na shule ianze kujengwa, kabla viwanja havijauzwa na kabla watoto hawajajaa. Ili ombi hili lieleweke, tunaomba kwanza tukukumbushe tulikotoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukanda huu una historia ndefu ya elimu. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888, na Januari 1889 misheni yao ikachomwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Miongo mingi baadaye ilikuwapo Pugu shule ya Mtakatifu Francis, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952, hadi Machi 1955, alipotoka Umoja wa Mataifa na kujiuzulu kazi ya kufundisha ili aitumikie TANU kwa nguvu zake zote. Tunajivunia jambo hilo, na watoto wetu tunawasimulia. Hata hivyo, shule ile ilikuwa ya bweni, na vijana wake walichaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za Tanganyika, huku mtoto wa mkulima wa hapa akiwa na nafasi finyu sana ya kuingia humo. Wakati ule shule ilikuwapo na wanafunzi wa kuijaza walitoka mbali. Leo watoto wako mlangoni, na kinachotafutwa ni shule.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 1962 ulikomeshwa utaratibu wa kuwatenganisha watoto katika shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, utaratibu ambao katika Dar es Salaam ulikuwa umezipa shule za katikati ya mji majengo ya mawe na maabara, na kuziacha za pembezoni na udongo na makuti. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na kufikia mwaka 1977 nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya kumpatia kila mtoto elimu ya msingi. Huku kwetu wakati huo kulikuwa mashamba, mikorosho na miembe, na wazee wetu ndio waliofyatua tofali na kusomba mchanga ili darasa lipatikane. Wengi wao hawapo tena, na tunaona ni haki kuwataja mbele yako, kwa sababu bila jasho lao kizazi cha waliotuzaa kisingejua kusoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashamba yale ndiyo mitaa unayoiona sasa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 356,286 katika Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Kwa Ilala peke yake, ambayo ilipata Manispaa yake mwaka 2000 na kupandishwa kuwa Jiji Februari 2021, wakazi walikuwa 634,924 mwaka 2002, wakawa 1,220,611 mwaka 2012, na 1,649,912 mwaka 2022. Watu hawa walioongezeka hawakuhamia Kariakoo wala Upanga, kwa kuwa huko hakuna nafasi na kodi za nyumba haziwezekani kwa mwenye kipato cha kawaida. Walikuja huku, ambako fundi, mama lishe, askari na mwalimu waliweza kununua kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, wakajenga chumba kimoja, wakahamia kabla ya plasta, wakaendelea kujenga wakiwa ndani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Mwenye shamba la mikorosho alimega kipande akamuuzia wa kwanza, akamega kingine akamuuzia wa pili, na kila mauziano yakaandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi hizo zilikuwa halali kwa muuzaji na mnunuzi, lakini hapakuwa na mtu katika mauziano hayo aliyemwakilisha mtoto ambaye miaka saba baadaye angehitaji darasa. Shamba lote likaisha. Mtaa ulipoanza kudai shule, eneo lilipatikana kwa kufidia nyumba zilizokwisha kujengwa, au lilipatikana bondeni, mahali ambapo wanunuzi wote walikuwa wamepakataa kwa sababu maji ya masika hupita hapo.

Hatusemi kwamba Serikali haikufanya kazi. Ada ya shule ya msingi iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980 ilifutwa mwaka 2001, na kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ukafuata, na kwa shule za kata, ambazo wapo waliozibeza, wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka karibu laki tatu na nusu mwaka 2003 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2010. Sisi hatutazibeza kamwe. Wako walimu katika shule zetu leo ambao walisoma shule za kata, wakati mwingine bila maabara na bila mwalimu wa hisabati, wakafaulu, wakaenda vyuo, na wakarudi kufundisha. Januari 2016 ulipoanza utekelezaji wa elimumsingi bila ada, wazazi waliokuwa wamewaweka watoto nyumbani kwa kukosa michango waliwaleta, na safu za uandikishaji wa darasa la kwanza zikawa ndefu kuliko tulivyowahi kuona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba sasa uingie nasi darasani, kwa sababu takwimu hazioneshi kila kitu. Mwongozo unataka wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa katika shule ya msingi. Katika baadhi ya shule zetu, mistari ya daftari la mahudhurio huisha kabla ya majina kuisha, kwa hiyo mwalimu hubandika karatasi za ziada kwa gundi, na daftari likifungwa linakuwa nene upande mmoja. Kuita majina peke yake kunakula sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza. Mwalimu wa darasa la pili anayetaka kujua kama mtoto ameanza kuunganisha herufi inabidi amfikie mtoto huyo alipokaa, lakini kati ya dawati na dawati hapana njia, naye hulazimika kuwainua watano ili amfikie mmoja. Akimaliza kusahihisha daftari za watoto wote, kengele ya kwenda nyumbani imeshalia.

Kwa uhaba huo wa vyumba, shule kadhaa huenda kwa zamu. Wanaoingia asubuhi hutoka adhuhuri, na wanaosubiri zamu ya mchana hukaa chini ya mwembe na mabegi mapajani, wengine wakiwa wameshatembea kwenye jua na hawajala. Dawati halipoi. Watoto wa zamu ya mchana hutoka jioni, na mtoto wa miaka minane anayekaa mbali huanza safari ya kurudi wakati magari ni mengi barabarani na makondakta hawataki kumpakia kwa sababu nauli yake ni ndogo. Wako wanaovuka reli. Wazazi wenye biashara za jioni hawawezi kwenda kuwapokea, na kwa akina mama wengi hilo ndilo linalowanyima usingizi zaidi ya matokeo ya mtihani.

Tunataja haya kwa uchungu lakini bila kumlaumu mwalimu. Mwalimu wa shule ya umma ya pembezoni anafundisha watoto wa madarasa mawili kwa mshahara wa mmoja, anakaa mbali kwa sababu nyumba ya mwalimu haipo, na bado Jumamosi unamkuta akiwasaidia wanaojiandaa na mtihani wa darasa la saba. Tunaomba mchango wake utambuliwe na uongozi wa Jiji kwa vitendo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi tunao ndani ya Ilala yenyewe. Katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, Buyuni na Mwanagati zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopimwa, na ramani zake zilitenga maeneo ya huduma za umma, shule zikiwemo. Mnunuzi wa kiwanja alijua tangu siku ya kwanza kwamba kipande kile ni cha shule na hakiuzwi. Kujenga kulichukua muda, lakini ardhi ilikuwapo ikisubiri. Ukivuka kutoka katika mitaa iliyopimwa kuingia katika mitaa iliyojaa yenyewe, tofauti unaiona kwa macho: upande mmoja shule ina uwanja wa mpira, na upande wa pili ukuta wa darasa umegusana na ukuta wa nyumba ya jirani, na kengele ya mapumziko ikilia watoto hawana pa kukimbilia.

Tunashukuru pia kwa fedha za mpango wa maendeleo dhidi ya UVIKO-19, ambazo nchini zilijenga madarasa 15,000, na kwa uamuzi wa kujenga shule za ghorofa katika Jiji hili, uamuzi ambao tunaona ndio unaofaa mahali penye ardhi ndogo. Wananchi nao hawakukaa. Maboma mengi, yaani majengo ya shule ambayo hayajakamilika, yaliyoinuliwa kwa nguvu zetu yamefika linta, na mengine yanasubiri kupauliwa tu. Boma likikaa misimu kadhaa ya mvua bila bati, kuta huanza kuoza na wananchi hukata tamaa ya kuchanga tena. Kwa maoni yetu, shilingi inayomalizia boma lililokwisha kuinuliwa inafanya kazi kubwa kuliko shilingi inayochimba msingi mpya.

Lipo jambo jingine lenye tarehe yake, nalo halitatusubiri. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Maana yake ni kwamba Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Katika kata ambazo sekondari zake tayari zimezidi kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, tunaomba uone mwenyewe hali itakavyokuwa. Watoto hao tunawajua kwa majina, wako madarasani mwetu sasa hivi, na hakuna sababu ya ujio wao kutushtua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie kwa Mkurugenzi wa Jiji na kwa TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, maombi haya. Kila mtaa wa ukanda huu ambao bado una mashamba yasiyomegwa ufanyiwe mpango wa matumizi ya ardhi mapema, maeneo ya shule yawekewe mipaka na yapatiwe hati kwa jina la Halmashauri, na serikali za mitaa zizuiwe kushuhudia mauziano ndani ya mipaka hiyo. Wenye mashamba walipwe fidia ya haki na kwa wakati, kwa kuwa nao ni wazazi wenzetu na hatutaki shule zetu zisimame juu ya malalamiko yao. Hesabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, ambayo zahanati zetu zinayo kupitia kliniki za mama na mtoto, itumike kupanga madarasa ya miaka inayokuja, badala ya kusubiri uandikishaji wa Januari. Maboma ya sekondari yapewe kipaumbele kabla ya mwaka 2028. Na pale ambapo kupata ardhi kumeshindikana kabisa, shule iliyopo ipandishwe ghorofa.

Sisi kwa upande wetu tuko tayari kuendelea kuchangia nguvu, mchanga na kokoto kama walivyofanya wazee wetu, na kamati zetu ziko tayari kusoma mapato na matumizi hadharani katika mikutano ya wazazi. Orodha ya maboma yote, kata kwa kata, pamoja na hatua lilipofikia kila boma, tumeiambatisha na risala hii, na mwenyekiti wetu atakukabidhi sasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.