Trautmann akumbukwe kwa mikono yake, si kwa shingo peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti ya michezo, na lako likiwamo, yanavyomkumbuka Bert Trautmann, Mjerumani aliyelinda lango la Manchester City kuanzia mwaka 1949 hadi 1964. Kila inapokaribia fainali ya Kombe la FA hutolewa picha ileile ya kipa mrefu aliyeshika shingo yake huku uso umemkunjamana kwa maumivu, na chini yake maelezo yaleyale kwamba huyu ndiye aliyecheza fainali akiwa amevunjika shingo. Habari hiyo ni ya kweli. Ninacholalamikia ni kwamba imemeza mengine yote, kiasi kwamba mtu aliyeidakia klabu moja mechi 545 amebakiziwa dakika 17 tu.

Nianze na dakika hizo, maana sitaki ionekane kwamba nazidharau. Mei 5, 1956, katika uwanja wa Wembley, City ilikuwa ikiongoza kwa mabao 3-1 dhidi ya Birmingham City, dakika 17 zikiwa zimesalia. Mpira ukapenyezwa katika eneo la hatari, Peter Murphy wa Birmingham akaukimbilia, na Trautmann akatoka golini akajitupa miguuni pake, kichwa kikiwa kimetangulia, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi katika maisha yake. Mpira aliupata, na goti la Murphy nalo likampata yeye shingoni. Wakati ule sheria haikuruhusu mchezaji wa akiba, kwa hiyo kipa akitoka ingebidi mchezaji wa ndani avae jezi yake na timu imalize ikiwa na watu kumi. City ilikuwa imeionja adha hiyo mwaka mmoja tu kabla, katika fainali ya 1955, ambapo beki wake Jimmy Meadows aliumia mapema na timu ikafungwa 3-1 na Newcastle United. Trautmann akainuka huku akiyumba, akarudi langoni, na katika dakika za lala salama akaokoa tena hatari, mojawapo ikiwa ya Murphy huyohuyo. Alipokwenda kupokea medali yake, Mwanamfalme Philip aligundua kwamba shingo ya kipa huyo imepinda. Siku chache baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba pingili tano za shingo zilikuwa zimehama mahali pake, na kwamba ile ya pili ilikuwa imepasuka vipande viwili. Kilichomwokoa ni pingili ya tatu, ambayo ilijibana kwenye ile ya pili ikaizuia isisogee zaidi.

Nimefundisha makipa wachanga kwa miaka mingi, na sijapata kumwona kijana asiyeipenda habari hii. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Trautmann hakuamua kucheza akiwa amevunjika shingo. Hakujua kwamba imevunjika, na waliokuwa pembeni ya uwanja hawakujua pia. Tunapomsifu kwa ajali iliyokaribia kumuua, huku tukiyanyamazia yale aliyoyafanya kwa kukusudia na kwa kujifunza, tunampunja yeye, na papo hapo tunamwambia kipa wa leo kwamba ukigongwa shingoni ukainuka huku dunia inazunguka, jikaze uendelee. Kijana wa namna hiyo anatakiwa alazwe palepale alipo, shingo isisogezwe, na machela iitwe, hata kama ni fainali na hata kama timu inaongoza kwa bao moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitaji, nalo kwangu linamaliza ubishi. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 1956, inayotolewa na waandishi wa habari za soka wa Uingereza, ambayo kabla yake hakuna kipa aliyewahi kuipata, Trautmann alipewa siku chache kabla ya fainali ile. Ina maana kwamba waandishi waliomwona wiki baada ya wiki walikuwa wamekwisha kumkubali kuwa mchezaji bora kuliko wote nchini akiwa na shingo nzima. Walikuwa wameona nini?

Kwanza waliona mikono. Katika Uingereza ya miaka ile, kipa akishadaka mpira alitarajiwa kuupiga kwa mguu mbali kadiri ya nguvu zake, kisha watu waugombee hewani katikati ya uwanja. Frank Swift, kipa mashuhuri aliyemtangulia Trautmann pale City, ndiye aliyekuwa ameanza kuwazoesha watu kuona mpira ukirushwa kwa mkono badala ya kupigwa, na haki hiyo asinyimwe. Trautmann aliuchukua mtindo huo akaufanya kuwa silaha. Alikulia Bremen akicheza mpira wa mikono pamoja na kandanda, na mkono wake ulikuwa umezoea kurusha tangu utotoni.

Mrusho wa namna hiyo una hatua zake, na naomba nizieleze kwa sababu ndizo ninazowafundisha vijana. Kipa anaudaka mpira, na kabla hajatulia amekwisha kutazama mbele. Anapiga hatua mbili tatu kuelekea ukingo wa boksi, bega limeelekezwa kwa mtu anayetaka kumpa, mkono umenyooka nyuma na kiganja kimeubeba mpira kwa chini. Kisha mkono wote unazunguka juu ya bega, na mpira unaachiwa ukiwa umenyooka, unasafiri chini ya usawa wa kichwa, unagusa nyasi mara moja na kumfikia kiungo mguuni akiwa amekwisha kugeuka kutazama lango la wapinzani. Hakuna anayeruka kuugombea. Mpira uliopigwa kwa mguu kwenda juu ni bahati nasibu, nusu yake ni wa mpinzani tangu unapoondoka, bali huu uliorushwa vizuri ni pasi.

Pasi hiyo ilikuja kuwa mwanzo wa mchezo mzima wa City. Novemba 1953 Hungary iliifunga Uingereza 6-3 palepale Wembley, huku mshambuliaji wake wa kati, Nándor Hidegkuti, akirudi nyuma kuchukua mipira badala ya kusimama kifua kwa kifua na beki aliyepangiwa kumkaba. City chini ya kocha Les McDowall iliamua kujifunza kutoka kwa waliowafunga Waingereza, ikampa mshambuliaji wake Don Revie kazi aliyokuwa akiifanya Hidegkuti, na mtindo ule ukaitwa mpango wa Revie. Jina ni la Revie, na yeye ndiye aliyepata tuzo ya waandishi mwaka 1955. Lakini mshambuliaji anayerudi nyuma hana maana kama mpira unapita juu ya kichwa chake kila kipa anapoupiga. Ilibidi kipa ampe kiungo kama Ken Barnes mpira wa mkono, Barnes ampe Revie, na kufikia hapo wapinzani walikuwa bado wanageuka. Mpango wa Revie ulianzia mikononi mwa Trautmann, na ni ajabu kwamba miaka hii, tunaposifu makipa wanaoanzisha mashambulizi kana kwamba ni uvumbuzi wa jana, jina lake halitajwi kabisa.

Hata katika fainali yenyewe ya 1956, bao la tatu la City, lililofungwa na Bobby Johnstone kabla ya kipa kuumia, lilitokana na mpira mrefu wa Trautmann. Shambulizi la Birmingham lilikufa mikononi mwake, akautuma mpira juu ya vichwa vya mabeki waliokuwa bado wanarudi, Jack Dyson akaupata akamgusia Johnstone. Huyu ndiye Trautmann ninayetamani vijana wamwone.

Jambo la pili ambalo picha ya shingo hulifunika ni namna alivyofika langoni pale. Trautmann alikuwa askari wa miavuli wa jeshi la Hitler. Alijiunga kwa hiari yake akiwa kijana, akapigana upande wa mashariki na baadaye magharibi, akavishwa nishani ya Msalaba wa Chuma, akaishia kuwa mateka wa kivita katika kambi ya Ashton-in-Makerfield, kaskazini mwa Uingereza. Hapo alianza kwa kucheza ndani kama beki na akahamia langoni baadaye. Mwaka 1948 alikataa kurudishwa Ujerumani, akaidakia St Helens Town, na Oktoba 1949 City ikamsajili. Watu wapatao 20,000 waliandamana kumpinga. Sitawalaumu, kwa sababu vita ilikuwa imekwisha miaka minne tu nyuma, na Manchester ulikuwa mji uliopigwa mabomu na wenye Wayahudi wengi, baadhi yao wakiwa wamekimbia kutoka Ujerumani kwenyewe.

Aliyegeuza upepo alikuwa mmoja wa hao waliokimbia, Rabi Alexander Altmann, kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Manchester, aliyetoka Berlin mwaka 1938 na ambaye wazazi wake waliuawa na Wanazi. Altmann aliandika barua gazetini. Hakukana hata chembe ya yale ambayo Wajerumani walikuwa wamewatendea watu wake; alisema tu kwamba si haki kumwadhibu mtu mmoja kwa dhambi za taifa lake, na kwamba kila mtu apimwe kwa matendo yake mwenyewe. Ndani ya klabu, nahodha Eric Westwood, aliyekuwa amepigana vitani Normandy, Ufaransa, alimkaribisha kwa kuwaambia wenzake kwamba katika chumba chao cha kubadilishia nguo hakuna vita. Mhariri, ninapoisoma habari ya barua ile ya Altmann huwa naiweka mbele ya shingo, mbele ya kombe, hata mbele ya ile mirusho ninayoipenda, kwa sababu bila barua hiyo hayo mengine huenda yasingekuwapo.

Lakini barua ilimfungulia mlango tu. Kuingia ilibaki kazi yake mwenyewe. Januari 1950 City ilikwenda London kucheza na Fulham. Tangu mwanzo mashabiki walimzomea na kumwita Mnazi, na yeye akaendelea kupangua na kudaka mpira mmoja baada ya mwingine, hadi timu yake, iliyokuwa dhaifu mwaka ule na ambayo ilishuka daraja msimu ulipokwisha, ikatoka imefungwa bao moja tu. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, uwanja uliomzomea ukasimama kumpigia makofi, na wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga pande mbili wakampigia makofi alipokuwa akipita kutoka nje. Hakuna pingili iliyovunjika siku hiyo, na pengine ndiyo sababu haina picha magazetini.

Na kama ni lazima tuzungumzie maumivu, basi tusiishie kwenye yale ya Wembley. Wiki chache baada ya fainali, shingo ikiwa bado inatibiwa, Trautmann alimpoteza mwanawe wa miaka mitano katika ajali ya gari. Alirudi langoni kabla ya mwaka huo kwisha, akaendelea kuidakia City hadi 1964, ikiwa ni pamoja na ule msimu wa 1957/58 ambao timu yake ilifunga mabao 104 na kufungwa 100 katika ligi. Timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi hakuichezea hata mara moja, kwa kuwa kocha Sepp Herberger aliwachagua waliocheza nyumbani tu.

Jambo la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu, linawahusu wasomaji wako moja kwa moja. Baada ya kustaafu, Trautmann alifanya kazi ya ukocha nje kwa niaba ya chama cha soka cha Ujerumani, katika nchi zilizokuwa zikijenga mpira wao. Alianzia Burma, na baadaye akafika Tanzania katikati ya miaka ya 1970, kisha Liberia, Pakistan na Yemen ya Kaskazini. Mtu huyu, ambaye tunamwandika kana kwamba aliishi na kumalizia yote Wembley, alitembea katika viwanja vyetu na kuwafundisha watu wetu. Alifariki Julai 2013 nchini Hispania akiwa na umri wa miaka 89, na makala za kumuaga nilizozisoma wakati ule zilirudia habari ya shingo bila kuitaja Tanzania hata kwa sentensi moja.

Waliokuwa vijana wa miaka ishirini wakati huo sasa wana sabini na kitu. Naomba basi, Mhariri, kupitia gazeti lako, kama wapo wachezaji au makocha waliopata kufundishwa naye, au waliomwona tu akiendesha mazoezi, waandike: alifundisha wapi, alisisitiza nini, na zaidi ya yote kama aliwaonyesha makipa namna ya kuurusha ule mpira. Na itakapofika Mei, pamoja na ile picha ya shingo, tafadhali mtoe na barua zao.

Msomaji wako,
Mwalimu wa makipa