Barua ya wazi kwa Mhifadhi wa Misitu wa Kaunti ya Kilifi: Dakatcha haihitaji miche, inahitaji ulinzi

Mheshimiwa Mhifadhi,

Salamu kutoka Malindi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wengi, na kwa kuwa mvua ya mwaka i karibu. Ikishaanza kunyesha, mengi ninayoomba hapa yatakuwa yamechelewa. Ombi langu ni hili: sehemu ya msitu wa Dakatcha iliyoungua kiangazi hiki isipandwe miti, isilishwe mbuzi wala ng'ombe, na kisitoke hata kijiti kimoja cha kwenda kwenye tanuri la makaa, mpaka msitu uwe umesimama tena wenyewe.

Hilo la kutopanda huenda likakushangaza. Tangu Desemba 2022 nchi nzima imo katika mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko tukapande. Mpango huo una heri yake, na ziko ardhi nyingi zinazouhitaji. Lakini moto ukipita mahali, watu hufikiria kwanza miche, mahema na hotuba. Kwa Dakatcha naomba tusianzie huko. Nimeupita ule msitu kwa miguu tangu alfajiri hadi magharibi, na nimeona kinachoota pale bila ya mkono wa mtu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wapenda ndege. Siku hiyo sikuwa na mgeni. Nilikwenda na vijana wa kijijini pamoja na mzee aliyezaliwa huko huko. Tuliziacha bodaboda ng'ambo ya Marafa, tukapita mashamba ya mananasi, kisha tukaingia kwenye jivu. Lilitufika vifundoni. Chini yake mchanga ni ule ule mweupe, maskini wa rutuba, ambao mrihi, mti mkuu wa msitu huu, huupenda kuliko miti mingine. Kivuli hakuna. Kufikia saa nne tulikuwa tumekunywa nusu ya maji yetu, na njia ilikuwa bado ndefu.

Mzee alitangulia na fimbo ndefu mkononi, akigonga chini kabla ya kila hatua. "Mwanangu, kanyaga nilipokanyaga." Mizizi ya miti mikubwa huendelea kuungua chini kwa chini siku nyingi baada ya moto wa juu kuzimika. Kinachobaki ni mashimo yaliyojaa jivu, juu pametulia, ndani pana makaa mekundu. Kijana mmoja alitumbukiza fimbo yake kwenye shimo kama hilo, akaitoa ikifuka moshi, na moto wenyewe ulikwisha kuzimwa wiki kadhaa nyuma. Wapo watoto wanaopitia huko kuchunga mbuzi, Mheshimiwa. Wanapita na kandambili.

Makombe ya konokono wakubwa wa msituni yametapakaa kila mahali, meupe pe, ukiyagusa yanapasuka kama ganda la yai. Lakini kilichoniuma zaidi ni majani makavu. Sakafu yote ya msitu imeteketea. Kwa mpita njia majani yale ni takataka. Kwa sange, yule mwenye pua ndefu na mgongo wa rangi ya dhahabu kwa nyuma, ndiyo nyumba na ndiyo chakula: hujenga kiota chake kwa majani hayo, na hufukua humo humo wadudu anaokula. Mnyama huyu hapatikani popote duniani ila pwani hii ya Kenya. Tulitembea kutwa tukitega masikio, hatukusikia mchakacho wake hata mara moja. Yuko pia mnana wa Clarke, ndege anayeishi katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha pekee. Wataalamu walimtafutia viota miaka na miaka, wakavipata mwaka 2013 kwenye vinamasi vya msimu vya huko huko Dakatcha. Miteremko ikibaki uchi, mvua za kwanza zitalisomba lile jivu na udongo moja kwa moja mpaka kwenye vinamasi kama hivyo.

Sasa nikueleze nilichokiona adhuhuri, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Tuliketi kwenye shina la mrihi ambao gome lake lilikuwa limegeuka mkaa hadi kupita kimo cha mtu. Matawi yote yalikuwa makavu, na ungeapa kuwa mti umekufa. Nikapangusa jivu shinani. Machipukizi yalikuwa yameuzunguka mti wote, mororo, majani yake ya rangi ya shaba, bado hayajageuka kijani. Tukaenda mti wa pili, wa tatu, hali ni hiyo hiyo, na mikoma nayo ilikuwa imeanza kutoa myaa mipya katikati. Mrihi hurudi kutoka shina na mizizi ya zamani, mizizi iliyokwisha shuka chini kutafuta maji. Mche wowote tutakaouleta kwa lori, uwe wa mvinje au mkaratusi, utahitaji shimo, na jembe litakalochimba shimo hilo litakata mizizi hiyo hiyo.

Adui wa machipukizi hayo ni moto wa pili. Huko Ndola, Zambia, misitu ya jamaa zake mrihi ilifanyiwa majaribio ya moto tangu 1933. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyika ya majani; vilivyokingwa na moto vilisonga kuwa msitu mnene. Sisi nasi huchoma mashamba mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, wakati kila kitu kimekauka na upepo una nguvu. Warina asali nao hupanda na mienge ya moto.

Kuhusu makaa nitasema wazi. Mtu aliyekatazwa kukata mti mbichi atakuja kuomba ruhusa ya kuokota mti uliokwisha ungua. Ombi hilo litaonekana la haki, na mara nyingi mwombaji atakuwa mtu mwenye njaa kweli. Nakusihi usiruhusu. Ukiruhusu mwaka huu, mwaka ujao kiberiti kitatangulia shoka. Tena ile miti inayoonekana imekufa, ndiyo hiyo inayochipua. Afadhali kijiji kisaidiwe mizinga ya kisasa na mabomba ya moshi ya kurinia, kwa kuwa mrihi ukichanua nyuki hawatoki hapo, na asali ya Dakatcha ina wanunuzi hapa Malindi.

Najua ardhi ile ni ya jamii, haimo katika misitu ya serikali kama Arabuko-Sokoke, na mamlaka yako yana mipaka. Ndiyo maana naogopa. Ardhi ya jamii ikishaungua, haichukui muda kuitwa ardhi tupu, na wenyeji hawajasahau ule mpango wa zamani wa kufyeka msitu ili upandwe mbono kaburi wa kutengenezea mafuta. Sheria ya Ardhi za Jamii ya 2016 inawapa haki ya kusajili ardhi yao. Neno lako, likiandikwa kwenye barua yenye muhuri kwamba pale pana msitu unaojirudia, litawasaidia sana siku mtu akija na ramani yake.

Vijana wako tayari kulinda na kufyeka ukanda wa kuzuia moto kando ya mashamba, ufyekwe Desemba kabla majani hayajakauka. Wanakosa viatu vigumu, mapanga, mabomba ya maji ya kubeba mgongoni, na kitambulisho cha kumsimamishia mwenye lori la makaa usiku. Wazee wamekubali kuketi nawe Marafa siku yoyote utakayoitaja kabla ya mvua. Tunaomba utupe tarehe.

Wasalaam,
Mwongoza wageni, Malindi